Niliagiza kaske ya moto kwa ajili ya njia ya Wamaza, nikaletewa kofia ya zimamoto

Inawezekanaje mtu aagize helmeti ya pikipiki, atume picha, atume na vipimo vya kichwa chake, halafu afungue boksi akute kofia ya zimamoto?

Wakati ule sikuwa na jibu la kweli. Digrii nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo.

Wakuu, hodi humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi, niko Kasongo, Maniema, ng'ambo ya ziwa kwa mliopo Kigoma. Nimesoma nyuzi zenu za helmeti, za jaketi na za spika za Bluetooth, nimeona mnavyotukanana kwa ajili ya brand ambazo wengi wenu hamjawahi hata kuzigusa, nikasema ngoja na mimi nilete ya kwangu.

Sijatia chumvi. Asiyeamini aje Kasongo, ile kofia bado ipo jikoni kwetu na inafanya kazi. Kazi gani, mtaona.

Kwanza tuwekane sawa kwenye lugha. Huku helmeti ni kaske, tumeitoa kwenye Kifaransa. Pikipiki ni moto. Na moto wa kupikia nao ni moto vilevile. Tunaelewana vizuri tu: mtu akikwambia "moto imekufa", unaangalia kama ameshika spana au mwiko. Dereva wa pikipiki ni motari.

Haya, twende.

Nilimaliza masomo ya kilimo Kindu, nikarudi nyumbani, nikakaa muda wa kutosha kila shangazi na jirani kunitafutia mume. Kisha ikatokea kazi: mradi mmoja ulitaka mtu wa kuzunguka kuhoji wakulima wa mpunga, kuanzia Kasongo, kupita Wamaza, mpaka Kabambare. Moto wanatoa wao. Kaske na mavazi, jitegemee.

Moto naijua tangu sekondari. Nilijifunza kwa Mjomba Rajabu, mdogo wake Mama, ambaye alikuwa motari wa njia hiyohiyo.

Na hapo ndipo tatizo lilipo.

Mjomba Rajabu alianguka kwenye daraja la magogo kabla ya kufika Wamaza, bila kaske, kama wanavyopanda wote. Mkono ulipona. Mguu ulipona. Kichwa kikabaki nusu njiani. Anakaa kwetu. Anakula vizuri, anaswali, anacheka. Lakini kila asubuhi nikimpelekea chai ananitazama kwa adabu kubwa na kuniuliza, "Weye mutoto wa nani?"

Namjibu. Anafurahi sana kunijua. Kesho yake anauliza tena.

Kwa hiyo nilipomwambia Mama kuhusu kazi, alikuwa uani anakanda unga wa mikate ya kukaanga, hata hakugeuka.

"Kichwa kimoja kilichoharibika kwa hii nyumba kinatosha."

Nikaanza hoja zangu. Nikamweleza kwamba anayeanguka na kaske na anayeanguka bila kaske hawako sawa. Nikamweleza habari za povu la ndani linavyokula kishindo badala ya fuvu. Nikamchorea hadi mchoro kwenye unga.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mchoro wangu kwa kiganja, akaendelea kukanda.

"Umemaliza? Bila kaske ya kweli hupandi. Ikija, tutaona."

Mimi nikasikia "ndiyo". Vijana wasomi tuna masikio ya aina hiyo.

Nikaenda sokoni. Kasongo kaske zinauzwa kwa Baba Amisi, kati ya sufuria na redio, zimetundikwa kama maboga. Nikashusha ya kwanza, nikaibonyeza pembeni kwa vidole gumba viwili. Ikaingia ndani kama beseni, ikarudi ikisema "pwaa".

Nikachungulia ndani. Chini ya kitambaa hapakuwa na povu. Palikuwa na karatoni. Karatoni ya biskuti, wakuu, maandishi yanasomeka kabisa.

Nyuma ilikuwa na ile stika ya DOT, alama ya ubora ya Marekani. Nikaikwangua na ukucha, ikatoka nzima, ikabaki kidoleni kwangu.

"Baba Amisi, hii ni kaske gani?"

"Ni ya Ulaya hiyo."

"Ulaya wanakula hizi biskuti za Bujumbura?"

Wanunuzi wa sufuria wakaanza kusogea. Baba Amisi akaichukua kaske yake, akaifuta vumbi kwa heshima kama nimemtukania mtoto.

"Binti yangu, weye umesoma, lakini unisikilize. Kaske haiko ya kuanguka. Kaske iko ya polisi. Unavaa ukimuona, unatoa ukimupita. Ukitaka ya kuanguka, usianguke."

Kwa jinsi watu wanavyozitumia, alikuwa amesema kweli tupu. Mama mmoja pale mbele ya duka lake alikuwa anapimia karanga kwa kaske iliyopasuka, ameigeuza juu chini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kaske pekee sokoni iliyokuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Mavazi mengine niliyapata palepale, na nitawaambia ukweli wake. Koti: la mitumba, zito, la ngozi ya kuiga, zipu inafika shingoni. Linachemsha mtu kama ndizi lakini miba ya njiani haipiti. Glavu: za wachimbaji dhahabu, wanaziuza wale wanaotoka Lusangi. Ngumu, ila mara ya kwanza utakayoweka kiganja chini utamshukuru aliyezishona. Viatu: usinunue buti za mpira kwa kazi hii. Zikigusa eksozi zinayeyuka, zikiingia maji unatembea na mtungi kila mguu. Nikachukua buti za ngozi za kijeshi zilizochakaa. Magoti: fundi wa kandambili za tairi alinikatia vipande viwili, akavitoboa na kuvitia kamba. Vibaya kwa sura, ila tairi halijui uoga.

Imebaki kaske.

Shangazi yangu Zuhura, dada yake baba, ameolewa Kigoma. Yeye ndiye humtumia Mama vitenge vya kuuza. Nikasema Kigoma hakukosi kaske ya kweli. Nikapima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, kuzunguka palipo papana nyuma, na kitambaa changu cha kichwani nikiwa nimekivaa. Dada zangu wa hijabu mnaopanda, hilo lishikeni: pima na kitambaa utakachovalia, kiwe chembamba cha pamba, na pini zote zikae nyumbani. Pini chini ya kaske ni msumari unaosubiri nyundo.

Kisha nikatuma ujumbe wa sauti.

"Shangazi, shikamoo. Nataka kaske ya moto, ile inafunika kichwa na uso mzima. Na ile mashine yake ya kusemea ndani bila waya, mbili."

Mashine ni ile intercom ya Bluetooth: spika mbili bapa za masikioni, maiki kwenye kijiwaya, na kidude cha kubana ubavuni. Mbili kwa sababu mradi ulisema nitatanguliwa na motari anayejua njia, nikataka aniambie shimo kabla sijaliona kwa meno.

Nikatuma picha pia. Nikatuma vipimo.

Mama akanyoosha mkono. "Lete simu nimusalimie wifi yangu."

Akaenda nayo uani. Salamu za hao wawili zinaanza na afya ya kila mtu aliye hai na kuishia kwenye bei ya vitenge, kwa hiyo nikajua simu nitaiona jioni.

Mzigo ukavuka ziwa mpaka Kalemie, ukapanda lori, ukashuka, ukapanda moto, ukafika Kasongo ukiwa umefungwa kwa kamba za aina zote zinazotengenezwa duniani. Majirani wakaja. Boksi kubwa huku halifunguliwi peke yako, ni kama kunyimana.

Juu zilikuwepo intercom, mpya kabisa, ndani ya kiboksi chake. Nikashangilia.

Chini yake ilikuwepo kofia.

Ya njano, iliyofifia. Ina ukingo mpana nyuma kama kata ya kuchotea. Ina mistari inayong'aa ukiimulika. Ina kioo cha kushusha usoni. Na kuanzia masikioni kuzunguka kisogo, inaning'inia shuka nzito ya kuzuia cheche isiingie shingoni. Mbele palikuwa na alama ya mahali beji ilipobanduliwa.

Majirani wakanyoosha shingo.

Mjomba Rajabu, aliyekuwa kwenye mkeka wake, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Nyumba ya nani inaungua?"

Uani pakapasuka kicheko, watu wakashikana. Nami nilikuwa natafuta chini ya boksi kama kuna kitu kingine. Hakukuwa na kitu. Nilipoinua macho, nikamkuta Mama ananitazama mimi, si kofia.

"Sasa? Utaivaa?"

Kichwani mwangu nikawa tayari nimeshapata maelezo. Moto na moto! Nimesema "kaske ya moto", na Kigoma pikipiki haiitwi moto. Shangazi ameishi kule miaka mingi, lugha yake imeshavuka ziwa, amesikia kofia ya moto, amekwenda kutafuta kofia ya moto. Na picha je? Picha haikufunguka, mtandao wetu mnaujua. Na vipimo? Hata mzima moto ana kichwa.

Nikajipongeza. Mimi ninayemhoji imamu, ninayemhoji mwalimu, ninayekwangua stika za watu, nikayapokea hayo maelezo yangu mwenyewe bila kuyabonyeza hata kwa kidole gumba.

"Pole, mwanangu," Mama akasema. "Basi uwaambie wa mradi watafute mutu mwingine."

"Kwa nini? Naivaa."

"Utaivaa hii?"

"Si ulisema kaske ya kweli? Hii imeingia kwenye moto ikatoka. Ile ya Baba Amisi ina biskuti."

Majirani wakamwangalia Mama. Akajifunga upya kitenge chake kiunoni, polepole.

"Kama ni hivyo, uvae sasa hivi. Upite nayo sokoni, mchana huu, watu wakuone."

Nikavaa. Koti, glavu, magoti ya tairi, buti, kofia ya njano, shuka shingoni. Nikashusha kioo. Nikawasha moto ya mradi, iliyokuwa imeshafika kwetu.

Sijawahi kupokelewa vile Kasongo, hata siku niliyoleta cheti cha digrii. Watoto walikimbia nyuma yangu. Wauza nyama walitoka na visu mikononi. Baba Amisi alisimama mbele ya duka lake akapiga ukelele, "Dada, moto iko wapi?"

"Si hii nimekalia!"

Hapo soko zima likaanguka kwa kicheko. Mpaka leo kuna watu wanaonisalimia hivyo. "Moto iko wapi?" Nami lazima nijibu, nisipojibu wanasema kazi imenipandisha kichwa.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa mlangoni.

"Walicheka?"

"Sana."

"Na weye?"

"Nilicheka nao. Mama Furaha wa mchele alikaa chini kabisa."

Mama akatazama kofia, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndefu ambayo wakati ule niliihesabu kama uchovu.

"Kesho napanda nyuma. Twende mpaka Wamaza, nione kwa macho yangu. Na hautapita mwendo nitakaokuambia."

Asubuhi nikamfunga intercom ya pili. Spika zake nilizibana chini ya mtandio wake, maiki mdomoni, na juu akavaa kaske tuliyoazima kwa jirani, ukoo mmoja na zile za biskuti. Nilimwambia hiyo ni ya polisi tu. Akasema basi polisi tukimuona atakuwa tayari.

Zangu nilizifunga kwa leso kuzunguka masikio, maana kofia ya zimamoto haina nafasi ya spika. Nikabonyeza, zikaunganika.

"ALO? ALO?"

Wakuu, ninyi mnaouliza kama intercom inafaa kwa safari ndefu na abiria, hamjafikiria abiria ni nani. Mtu aliyeko mgongoni kwako anaweza kukupigia kelele, upepo ukachukua nusu, ukaishi. Kwenye intercom upepo hauchukui kitu. Mama yangu alihamia ndani ya fuvu langu.

"Polepole. Kuna mbuzi. Umeona mbuzi? Si huyo, ule mwingine. Salimia! Umemupita Mama Zaina bila kusalimia, watasema tumekuwa nani? Piga honi. Si hivyo, hiyo ni honi ya matusi. Polepole. Huyu mwenye baiskeli alitaka kumuoa dada yangu. Hana meno sasa, unaona? Mungu analipa. Mbuzi!"

Ukiacha Mama, nilijifunza kitu kuhusu kofia. Ule ukingo wa nyuma unakamata upepo. Ukiongeza mwendo kidogo tu, kofia inataka kubaki Kasongo na shingo yako inakwenda Wamaza. Kwa hiyo tulikwenda mwendo wa harusi. Mama akasifu sana udereva wangu.

Katikati ya njia kulikuwa na vijana waliofukia mashimo na kufunga kamba barabarani ili wapita njia wawape chochote. Kwa kawaida kamba hiyo haishuki bila maneno mengi. Waliponiona wakaishusha wenyewe, wakasimama wima.

"Mukubwa, kunaungua wapi?"

Kabla sijafungua kioo, Mama akasema sikioni, "Waambie mbele." Halafu akacheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja ndani ya kaske ya mwenzake ni kitu kibaya sana, kinatekenya. Nikaonyesha mbele kwa glavu. Wakatupisha.

Tukafika daraja la magogo. Lile.

 Sikioni nikamsikia Mama anasoma Ayatul Kursiy, polepole, mdomo karibu na maiki. Hakuniambia nisimame, nilisimama mwenyewe. Tukashuka, tukavuka kwa miguu, yeye mbele, mimi nasukuma moto nyuma. Upande wa pili akapanda tena. Kwa umbali mrefu sikusikia mbuzi wala jirani.

Halafu tukaanguka.

Si darajani. Si kwenye mlima. Palikuwa tambarare, tope la kawaida linalong'aa, mahali ambapo hata baiskeli inapita. Gurudumu la mbele likateleza kama sabuni, moto ikalala, nami nikalala nayo. Goti lilishuka kwenye jiwe na tairi likalipokea. Kiganja kikapokelewa na glavu. Kichwa kikagonga ukingo wa njia, nikasikia ngoma kubwa, kisha kimya.

Kimya kabisa. Hata sikioni.

"Mama?"

Hakuna.

"Mama! Mama!"

Naapa, wakuu, zile pumzi chache ndizo zilizonifundisha maana ya neno abiria. Nilikuwa nimebanwa mguu, kioo kimejaa tope, sioni, nampigia kelele mtu ambaye hajibu ndani ya kichwa changu.

"Niko hapa, mbona unaita kama umeona simba?"

Sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama, ametapakaa tope upande mmoja, waya wa maiki umekatika unaning'inia kifuani. Alikuwa ameangukia tope laini tu, hana hata mchubuko.

Akaninyanyulia moto mguuni. Akapiga magoti kwenye tope, akafungua mkanda wa kofia yangu, akaitoa, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza huku na huku kama anachagua nazi. 

Akaniangalia machoni, akauliza:

"Weye mutoto wa nani?"

Nilitaka kufanya mzaha. Nina mzaha wa kila kitu. Nikaona uso wake, mzaha ukarudi ndani.

"Wako."

"Jina la bibi yako?"

"Mwajuma."

"Leo umemuletea Mjomba chai?"

"Nimemletea. Akaniuliza mimi mtoto wa nani."

Akanitolea tope puani kwa ncha ya mtandio wake. Ndipo akakaa chini palepale na kulia kidogo, na kunitukana kidogo, kwa Kibangubangu, lugha ya bibi yangu ambayo huwa anaitoa kwa shughuli maalumu.

Tukafika Wamaza tukiwa kama vyungu vibichi. Tukanywa chai kwa mwanamke mmoja wa sokoni, Mama akiwa amepakata ile kofia mapajani. Ilikuwa na ufa mwembamba upande iliogonga, kuanzia ukingoni. Alikuwa anaupitisha kidole, kwenda na kurudi.

"Kazi utafanya," akasema. "Nimeona unavyopanda. Lakini hii kitu haurudi kuivaa, unasikia? Hii ni yangu. Nitaongea na Zuhura alete ya kwako."

Tulirudi Kasongo kesho yake, mimi nyuma ya lori la mpunga pamoja na moto yangu, yeye mbele kwa dereva.

Na kaske ya kweli ikaja. Ilifika upesi wa ajabu, nikashangaa, ila nikasema njia ya Kalemie imekuwa nzuri.

Sasa hiyo ndiyo kaske, wakuu. Nawapeni niliyoyaona, si niliyosimuliwa. Alama ya kweli haikubandikwa, imeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni: herufi E ndani ya duara na namba zake. Stika ya nyuma kila mtu ana printa. Povu la ndani ni gumu na nene, ukilibonyeza kwa ukucha linabaki na alama, na gamba halisemi "pwaa". Ukivaa, mashavu yanabanwa mpaka unaongea kama mwenye jino. Ndivyo inavyotakiwa. Funga mkanda, tikisa kichwa: kaske ikizunguka peke yake, irudishe. Na ikishaanguka na kichwa ndani imemaliza kazi, usimuuzie mwenzako, mpe muuza karanga.

Ya zimamoto msivae barabarani. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mbona ilikuokoa". Tulikuwa na mwendo wa harusi, mkuu. Kofia ile imetengenezewa vitu vinavyoanguka kutoka juu, si mtu anayerushwa ubavu, na upepo wake utakuvunja shingo kabla hujafika kwenye ajali.

Intercom: wameandika kilomita nzima. Mimi na Mama tulijaribu baadaye, akakaa nyumbani, mimi nikaondoka kwa miguu huku tunaongea. Ilikufa kona ya msikiti. Kwa waliopanda pamoja inatosha, kwa wanaofuatana karibu inatosha. Sasa natumia na motari wangu, mtu wa maneno machache. Alhamdulillah.

Kofia ya njano, nilivyowaambia, ipo jikoni. Mama huivaa anapokaanga mikate na samaki. Kioo kinazuia mafuta, shuka inazuia cheche. Mjomba Rajabu akimuona nayo humuuliza nyumba ya nani inaungua, naye hujibu, "Yetu, lakini chai iko tayari."

Somo langu ni fupi. Kihoji kila kitu unachovaa kichwani, halafu mhoji na aliyekiagiza. Karibuni mseme: helmeti yenu ya kwanza mliipataje, na nani nyumbani alikuwa hataki mpande? Wenye stika zinazobanduka msione aibu, wekeni picha tucheke wote.

Na lile swali la mwanzo? Jibu lilikuja na Shangazi Zuhura mwenyewe, muda mrefu baada ya hayo yote, alipokuja Kasongo kwenye harusi. Aliingia jikoni akamkuta Mama amevaa kofia, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamtania kwamba Kigoma wamemsahaulisha moto ni nini. Akaniangalia kwa huruma, akatoa simu, akatafuta, akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliotoka kwenye simu yangu mwenyewe, siku ileile niliyoagiza, kutoka uani kwetu, ambao kwangu ulikuwa umefutwa. Nyuma yake inasikika mikate inakaangwa.

"Wifi, huyu mutoto woga hana, lakini haya iko nayo. Unitafutie kaske ya kumupatisha haya, mbaya kupita zote, asikubali kutoka nayo hata mulangoni. Ile yake ya kweli nunua pia, uiache Kalemie mpaka nikuambie. Kaske haiozi."